Albert Sabin

Albert Bruce Sabin (26 Agosti 1906 – 3 Machi 1993) alikuwa daktari na mtafiti wa virusi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kutengeneza chanjo ya matone dhidi ya polio, ugonjwa unaoharibu neva za uti wa mgongo na kupoozesha misuli, hasa ya watoto.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi mjini Białystok, ambao leo uko nchini Poland. Alihamia Marekani akiwa kijana, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1931. Kuanzia mwaka 1939 alifanya utafiti katika hospitali ya watoto mjini Cincinnati. Alisaidia kuthibitisha kwamba virusi vya polio huongezeka kwanza ndani ya utumbo. Alifariki Washington, akazikwa Arlington.

Chanjo

Chanjo ya sindano ya Jonas Salk, iliyoanza kutumika mwaka 1955, ilikuwa na virusi vilivyouawa. Sabin alitumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 1959 mamilioni ya watu walipewa chanjo hiyo katika Umoja wa Kisovyeti, ambako alishirikiana na Mikhail Chumakov. Sabin hakuiombea hataza, hivyo ikaenea duniani kwa bei ndogo.

Madhara adimu

Mara chache sana, takriban mara moja katika dozi milioni 2 hadi 3, virusi vya chanjo humpoozesha mtoto aliyechanjwa au mtu wa karibu naye. Hatari huwa kubwa zaidi kwa dozi ya kwanza na kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kinga. Sabin alipinga kwa miaka mingi hoja kwamba chanjo yake ilisababisha hali hiyo. Marekani iliacha kuitumia mwaka 2000, ikabaki na sindano.

Tanzania

Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alipatikana mwaka 1996. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa aligundulika kupooza kutokana na virusi vilivyotokana na chanjo. Virusi vya namna hiyo hubadilika vinapozunguka kwa muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Watoto wa mikoa sita, ukiwemo Kagera unaopakana na Geita, walipewa matone ya aina mpya, ambayo virusi vyake si rahisi kurudia ukali. Kuchanja watoto wengi huzuia polio ya asili na pia ile inayotokana na chanjo.