Rudolf Diesel na Moshi Uliopoa

Neno dizeli limezoeleka vinywani mwetu kiasi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa lilianza kama jina la ukoo. Sisi wanaisimu hupenda safari za namna hiyo, ambapo nomino ya pekee hugeuka nomino ya kawaida, mwenye jina akasahaulika. Leo, hata hivyo, nia yangu si sarufi. Nataka kumzungumzia mwenye jina, maadamu moshi unaotufukiza katika misongamano ya Nairobi una uhusiano wa ajabu na jambo alilolipigania maishani.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, familia ilihamia London, naye mvulana huyo wa miaka 12 akapelekwa Augsburg kwa jamaa zake akasome. Alifuzu mjini Munich mwaka wa 1880. Mwalimu wake, Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya baridi, ndiye aliyemfungua macho: injini za mvuke za zama hizo zilipoteza takriban sehemu 9 kati ya 10 za joto la makaa. Mwanafunzi hakulisahau somo lile. Walimu wenzangu, hatujui ni sentensi ipi tunayoitamka darasani itakayomwandama mtu maisha yake yote.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikishindiliwa barabara ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasi na cheche. Kisha gesi hutanuka, huisukuma pistoni na kupoa, kwa kuwa sehemu ya joto lake imegeuka kazi. Alipewa hataza mwaka wa 1893. Mwaka uo huo, katika jaribio la kwanza mjini Augsburg, kifaa cha kupimia kilipasuka, nusura kimuue. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1897 injini yake ilipimwa, ikaonekana kugeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi.

Utajiri ulimjia, ukamponyoka. Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, akisafiri kutoka Antwerp kwenda Uingereza kwa meli iliyoitwa Dresden, alitoweka. Siku kadhaa baadaye maiti ilionekana baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni. Iwapo alijitosa au alisukumwa, haijathibitishwa hadi leo.

Basi, moshi. Mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Magari ya kisasa yana kichujio cha kunasa masizi na kichocheo cha kuvunja oksidi za naitrojeni. Vifaa hivi vinataka joto. Kichocheo hicho hulegea moshi ukiwa chini ya nyuzi 200 hivi, na masizi yaliyonaswa huhitaji kama nyuzi 600 ili yateketee kwa hewa. Gari linaponguruma papo hapo katika foleni, moshi wake huwa umepoa mno. Ubora ule ule aliouhangaikia Diesel, wa kutoacha joto litoroke bure, ndio unaovinyima vifaa hivi joto!

Wahandisi wana mbinu zao. Wengine huchelewesha kunyunyiza mafuta, au huongeza kidogo, ili moshi utoke moto. Hapo mafuta hutumika zaidi. Wengine huzima baadhi ya silinda mzigo ukiwa mwepesi, zilizosalia zikifanya kazi kwa joto zaidi. Wengine husogeza kichocheo karibu na injini na kulivika bomba la moshi kinga ya kuhifadhi joto. Nadhani Diesel mwenyewe angechagua njia hii ya mwisho, maana hailipi joto kwa mafuta.

Huku kwetu nimemwona fundi aking'oa kichujio kilichoziba kwa masizi ya foleni, akaunganisha bomba tupu. Mwenye gari aliondoka akitabasamu, gari likiwa jepesi. Nyuma yake palikuwa na watoto wa shule wakingoja kuvuka barabara.