Michelangelo: Alimchora Mungu, lakini akaogopa hukumu yake

Ukipanda nganya ya Buru ama Umoja, huwezi kosa kuona sura ya Yesu imechorwa hapo nyuma, pembeni ya rapa fulani. Sasa cheki huyu jamaa wa Italia, Michelangelo, ambaye kazi ya kumchora Mungu ilimsumbua hadi uzeeni.

Alizaliwa 1475. Akiwa na miaka sita, mathake akaaga. Mzee wake hakutaka kusikia mambo ya uchoraji, na kijana alikula kichapo juu ya hiyo talanta. Baadaye mwanafunzi mwenzake, Torrigiano, alimpiga ngumi akamvunja pua, na ikabaki hivyo maisha yake yote.

Bahati yake, sonko wa Florence, Lorenzo de' Medici, alimchukua akaishi kwake. Hapo kulikuwa na wasee wa falsafa waliopenda mafunzo ya Plato, Mgriki wa kale. Walibonga kuwa urembo wa duniani ni ngazi: unaanza na mwili, unapanda polepole hadi kwa Mungu. Hilo wazo lilimshika. Ndio maana watu wake wamejaa misuli, na wengi wako uchi. Kwake mwili haukuwa aibu, ulikuwa njia.

Kati ya 1508 na 1512 alichora dari ya kanisa la Sistine pale Vatican. Alifanya hivyo akiwa amesimama, shingo imepinda, si amelala chali vile wengi husema. Na ujue alijiita mchonga mawe, si mchoraji. Hiyo kazi Papa Julius II alimsukumia. Hapo ndipo utaona kidole cha Mungu na cha Adamu vikikaribiana sana, lakini havigusani.

Mwaka wa 1536 alirudi hapo akiwa na miaka 61, akaanza kuchora Siku ya Hukumu. Sasa ngazi haionekani tena, woga tu. Mtakatifu Bartholomayo ameshika ngozi iliyochunwa, na wataalamu wengi wanasema sura ya hiyo ngozi ni ya Michelangelo mwenyewe.

Alikufa Februari 1564 akiwa na miaka 88. Mwaka huo huo wakubwa wa kanisa waliamua uchi ufunikwe, na rafiki yake, Daniele da Volterra, ndiye alipewa brashi awavishe watakatifu nguo.

Kwa hivyo ukiona Yesu kwenye mathree jioni hii, usimpite tu. Huenda aliyemchora pia ana swali lake kwa Mungu.