Kazadi Mwamba, golikipa wa Lubumbashi



Mu mji wetu, hata mtoto mdogo anajua Kidiaba, yule golikipa wa Mazembe aliyekuwa anarukaruka akikaa chini kila mara ekipe yake ilipofunga goli. Lakini mbele yake kulikuwa mwingine mkubwa, Kazadi Mwamba. Huyu watu mingi wanamkumbuka paka kwa dakika 20 za Gelsenkirchen. Hii si haki. Basi tusome maisha yake.

Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947. Zamani walimwita Robert Kazadi. Mu 1972, Serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya kizungu, akabakia Kazadi Mwamba. Alicheza kabumbu mu TP Englebert, ekipe iliyoanzishwa 1939 na mapadri Wabenedikti na inayoitwa leo TP Mazembe. Sisi Waprotestanti pia tunawashukuru mapadri kwa ile kazi!

Kazi ya golikipa ni ngumu. Mshambuliaji akikosa mara 5 na kufunga mara 1, watu wanamwimba. Golikipa akishika mara 5 na kuachilia mara 1, watu wanamtukana. Kazadi alichagua ile kazi akiwa kijana bado. Mu ile miaka, Englebert ilifika ku fainali ya kombe la ekipe za Afrika mara 4 kwa kufuatana. Ilitwaa kombe 1967 na 1968, ikashindwa 1969 na Ismaily ya Misri, na 1970 na Asante Kotoko ya Ghana. Mbele ya Englebert, hakuna ekipe iliyotwaa lile kombe mara 2 mfululizo.

Mu Januari 1968, Kongo ilienda Ethiopia kwa Kombe la Afrika. Kazadi hakuwa bado na miaka 21. Mu mechi za kwanza, Ghana ilitushinda 2-1. Lakini ku fainali tukakutana nao tena. Kalala, mwenzake wa Englebert, akafunga goli moja. Ilibakia kulilinda mpaka mwisho, na lile goli moja likatosha. Kongo ikapata kombe lake la kwanza.

Mu 1973, gazeti France Football la Ufaransa lilitafuta mchezaji bora wa Afrika. Wa kwanza akawa Bwanga Tshimen, wa pili Kazadi. Wote wawili wa Lubumbashi, wa ekipe moja! Mu Machi 1974, kule Kairo, Zaire ilicheza fainali na jirani zetu wa Zambia. Mechi ya kwanza ikaisha 2-2. Wakarudilia kisha siku 2, na Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote 4 alifunga Ndaye, lakini shi kulikuwa pia mtu nyuma, aliyekataa Zambia wasifunge hata moja mu mechi ya pili?

Kisha ikaja Kombe la Dunia mu Ujerumani ya Magharibi. Zaire ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika pale. Tarehe 14 Juni 1974 ilishindwa na Uskoti 2-0, na hii haikuwa haya. Lakini wachezaji walieleza nyuma kwamba feza walizoahidiwa hazikuwafikia, na mioyo ilivunjika. Tarehe 18 Juni, Yugoslavia ikafunga magoli 3 mbio-mbio. Kocha Vidinić, aliyekuwa yeye mwenyewe golikipa wa Yugoslavia zamani, akamtoa Kazadi kisha kama dakika 20 na kumuingiza Tubilandu. Mechi iliisha 9-0. Golikipa kutolewa hivi, bila kuumia, mbele ya dunia nzima, ni aibu kubwa. Lakini tuhesabu vizuri: magoli 6 yaliingia wakati yeye anakaa pembeni.

Njo hapa tunaona mtu. Kisha siku 4, Kazadi alirudia mu goli, sasa mbele ya Brazili. Brazili walihitaji magoli 3 ili waendelee. Mpaka dakika ya 65 walikuwa na 1 tu. Walipata la tatu paka ku dakika ya 79, mpira ukipita chini ya mwili wake. Ndiyo, alikosa. Lakini alikubali kusimama tena pale pale Gelsenkirchen alipotolewa.

Kazadi alikufa 1996. Siye wa mwaka wa sita tunangojea egzame ya Serikali, na kati yetu kuna wale walioanguka mwaka jana na wanaogopa kurudia. Wasiwasikilize wanaowacheka mu njia. Warudie kukaa ku meza, sawa Kazadi alivyorudia mu goli.