Dakta Williamson na Mchanga wa Mwadui

Ndugu msomaji, bila shaka umewaona akina mama wa hapa Songea wakipepeta mahindi yaliyokobolewa. Pumba huruka, punje hubaki. Ungo hauumbi kitu kipya. Hutenga tu vitu viwili vilivyochanganyika, na kila kimoja hubaki na asili yake. Ukifika Tunduru, katika mkoa wetu huu wa Ruvuma, utawakuta wachimbaji wa vito wakitikisa machekeche majini kwa kanuni iyo hiyo. Wenye elimu ya kemia huziita hizi njia za kimaumbile, na kwa njia hizo mtu mmoja alipata utajiri mkubwa katika nchi yetu.

John Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata udaktari, kisha katika miaka ya 1930 akaja Afrika kutafuta almasi. Katika Tanganyika almasi chache zilikuwa zimekwisha kuokotwa huko Mabuki, lakini Williamson alitaka kupata chimbuko kubwa zaidi. Alitafuta kwa miaka kadhaa, mara nyingi akiwa na fedha kidogo, hata mwaka 1940 akalipata Mwadui, karibu na Shinyanga: mwamba wenye almasi ulioenea takriban hekta 146.

Hebu fikiri, msomaji, kazi iliyofuata. Almasi ni punje chache mno ndani ya shehena ya kokoto, wala huwezi kuziokota kwa macho. Lakini almasi ina uzito wa mara tatu na nusu ya maji ya ujazo ule ule, na kokoto nyeupe za kawaida hazifiki mara tatu. Basi kokoto zikioshwa na kutikiswa, zilizo nyepesi huchukuliwa na maji, zilizo nzito huzama. Hata hivyo, pamoja na almasi huzama mawe mengine mazito. Hapo hutumika siri nyingine: almasi haishiki maji, bali hunata kwenye mafuta. Mchanganyiko ule hupitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengine huteleza, almasi hunasa.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6 tu. Kwa maoni yangu wenyeji waliochimba na kuosha kokoto zile walistahili kutajwa pamoja naye, lakini ni nadra kuyakuta majina yao.

Williamson hakuoa. Alifariki Januari 1958, hajatimiza miaka 51. Mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi, nusu kwa kampuni ya De Beers, nusu kwa Serikali ya Tanganyika.