D.O. Misiani: Mwimbaji Mpya Anapatikana, Lakini Nani Atabeba Noma Yake?

Enda harusi kubwa ama matanga yoyote Migori ama Homa Bay penye bendi imeletwa. Ngoja ifike usiku mkubwa. Lazima mtu atapiga kelele aitishe ngoma ya Misiani. Gita ikianza tu, wazee wote wanasimama. Halafu mwimbaji anafungua mdomo, na hapo ndio utaona sura zikibadilika. Nusu ya watu wanaendelea kudensi. Nusu ingine wanarudi kwa viti wakinong'onezana: huyu si yeye.

Wewe pengine uko upande wa wenye wanadensi, na hakuna ubaya. Misiani alidedi 2006. Labda ulikuwa bado unanyonya ama hata hujazaliwa. Lakini kabla uambie hao wazee waache kuringa, jua kwanza huyu buda alikuwa nani. Kenye wanakosa si sauti pekee.

Mtoto wa ng'ambo ya mpaka

Daniel Owino Misiani alizaliwa 1940 huko Nyamagongo, pande za Shirati, mkoa wa Mara. Ndiyo, msee alikuwa Mtanzania. Lakini usishtuke sana. Ukiwa Muhuru Bay, Shirati iko hapo chini tu. Wajaluo wako huku na wako kule, na huo mpaka ulichorwa na wakoloni ukapita katikati ya mashemeji. Kwa Misiani, kuvuka kuja Kenya ilikuwa kama vile wewe unatoka Rongo kwenda Kisumu kusaka job.

Kwao walikuwa watu wa dini. Shirati penyewe ni mahali pa misheni ya Mennonite, na siku hizo kijana mwenye gita alionekana kama mtu amepotea njia. Wazazi wake hawakutaka hiyo maneno kabisa. Misiani akashikilia gita yake, na miaka ya 60 akahepa akaingia Kenya.

Gita inayobonga kama nyatiti

Usidanganywe ati benga ilianzishwa na mtu mmoja. Wakati Misiani anaingia, kina John Ogara na George Ramogi pia walikuwa wanapika hiyo sauti. Lakini Misiani ndiye aliifanya ikawa kubwa mpaka watu wakaanza kumuita babu wa benga.

Siri iko hivi. Mjaluo alikuwa na nyatiti, ile ala ya nyuzi 8 ya wazee. Vijana wa benga walichukua gita ya umeme wakaichezesha kama nyatiti: vidole vinachomoa uzi mmoja mmoja, haraka, na gita inajibu kila kitu mwimbaji amesema. Besi nayo inakimbia kama ng'ombe amefunguliwa. Mwanzo wa ngoma ni story. Katikati maneno yanaisha, gita zinashika kasi, na hapo hata mwenye alikuwa amekuja kulia analegea.

Halafu kuna pakruok. Mtu anatoa chapaa, bendi inatulia, anajisifu yeye, marafiki, shemeji na kijiji yao, kisha ngoma inarudi. Ukiona rapa wa siku hizi akitaja mtaa yake kwa ngoma, jua hiyo kitu babu zako walikuwa wanailipia.

Miaka ya 70, D.O. 7 Shirati Jazz ilikuwa jina la kuogopwa. Santuri za benga zilivuka mpaka zikafika Zimbabwe. Huko watu waliita huo mtindo kanindo, jina la Phares Oluoch Kanindo, produsa wa Kenya ambaye label yake walikuwa wanaiona kwa hizo santuri. Miaka ya 80 ikiisha, wazungu nao wakaamka. Albamu kama Benga Blast! na Piny Ose Mer zilitoka Uingereza 1989. Kijana wa Nyamagongo, gita ikiongea Dholuo, anauzwa London.

King of History

Sasa skiza hapa vizuri, kwa sababu hii ndio sehemu wazee wanamaanisha wakisema huyu si yeye.

Misiani alikuwa anaitwa King of History. Alikuwa anachukua story za Biblia, za wanyama, za mashujaa wa kitambo, anazifunga kwa ngoma ya mapenzi ama ya msiba. Ukiwa mgeni unadhani ni hadithi tu. Ukiwa mtu wa pale unajua kabisa ni mheshimiwa gani ameguswa.

Kumbuka hiyo Kenya ilikuwa ya aina gani. Chama ni kimoja, na 1982 hata sheria ilibadilishwa ikasema hivyo waziwazi. Redio ni ya serikali. Mtu anaweza kuwekwa ndani bila kesi. Hakuna simu ya kurekodi karao, hakuna mbogi ya kuanzisha kelele mtandaoni ukipotea. Msanii akiguswa, ameguswa.

Misiani alishikwa zaidi ya mara moja juu ya ngoma zake. Na kwa sababu alikuwa mzaliwa wa Tanzania, sirkal ilikuwa na fimbo ingine juu yake: kumrudisha kwao. Msee alikuwa na bibi, watoto, bendi na fans Kenya, na kila ngoma mpya ingeweza kumaliza hiyo maisha yote kwa siku moja. Bado aliimba. Hata uzeeni, wakati wengi walidhani Kenya sasa iko huru, alitoa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani.  

Mei 17, 2006, matatu aliyokuwa amepanda ilipata ajali Kisumu. Misiani alienda na miaka 66. Mtu aliyepita kwa mikono ya polisi akatoka, barabara ndio ilimchukua.

Sasa, nani anaimba?

Hii swali si ya Wajaluo pekee. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alidedi 1991, na Queen baadaye walizunguka dunia na Adam Lambert. Kuna fans wanalipa na kuimba mpaka wanapoteza sauti, na kuna wengine wanasema Queen iliisha siku Freddie aliisha. Franco alidedi 1989, TPOK Jazz ikaendelea na Lutumba Simaro akiwa mbele, lakini miaka michache tu ikapasuka.

Lakini Migori iko na jibu yake, na wengi wetu tunaisahau.

1997 Prince Jully wa Jolly Boys Band alifariki. Bendi ilikuwa ibaki yatima. Bibi yake, Lilian Auma, akashika maiki akaitwa Princess Jully. Fikiria hiyo picha: benga ni mchezo wa wanaume, na mjane alitarajiwa kukaa matanga angoje wakubwa waamue maisha yake. Yeye akasimama mbele ya bendi ya mzee wake.

Na hakuimba kama Prince. Alikuja na Dunia Mbaya, ngoma juu ya ukimwi, miaka ambayo Nyanza ilikuwa inazika watu kila wikendi na familia zinasema ni malaria ama ni kurogwa. Serikali yenyewe ilitangaza ukimwi janga la kitaifa 1999. Mjane wa Migori alikuwa anasema kwa sauti kitu ambacho matangani kilikuwa kinanong'onwa. Hiyo ngoma ilipigwa Kenya nzima, hata na watu hawajui neno moja ya Dholuo. Princess Jully alituacha 2024, na bado ukiiweka kwa mat, watu watu wazima wananyamaza kidogo.

Umeona tofauti? Wasee wengi wanaoimba ngoma za Misiani wanacopy kila kitu, mpaka kukohoa kwake. Ukicopy mtu, fans watakupima na yeye, na utapoteza kila siku. Princess hakupimwa na Prince juu alileta noma yake mwenyewe. Alisimama mahali pangemuumiza, akaimba.

Hicho ndicho wazee wanakosa wakirudi kwa viti. Ngoma ya Misiani ilikuwa moto kwa sababu yeye angeweza kulala ndani juu yake. Leo ukiiimba tena, wale alikuwa anawachoma wengi wameshazikwa. Hakuna karao atakusumbua. Ni tamu, inadensika, lakini ni makaa imepoa.

Na si ati story zimeisha. Kuna wakulima wa miwa Awendo wanangoja malipo. Kuna vijana wanaingia mashimo ya dhahabu Macalder bila kujua kama watatoka. Kuna wavuvi wa Homa Bay wanaamka wanapata magugu yamefunga ziwa. Kuna wale mliandamana nao 2024 na wengine hawakurudi nyumbani. King of History angekosa usingizi na hii materia yote.

Kwa hivyo mwimbaji mpya akipanda, mpee nafasi, usimzomee. Lakini usimuulize kama anaweza kuimba kama Misiani. Muulize ni ngoma gani yake ingeweza kumletea shida. Na kama Dholuo yako ni ya kuokoteza, chukua Bim en Bim, kaa chini na mshua ama shosho wako, akueleze mstari kwa mstari nani alikuwa nani. Fanya hivyo mapema. Wenye wanajua hizo majina hawatakuwa na sisi milele.