Funakoshi, mwalimu aliyezipa kata majina mapya

Vijana wa karate wa Kipese na Butembo hutaja Heian, Kanku na Enpi bila kujiuliza maneno haya yametoka wapi. Mimi, kwa kuwa nasoma lugha, niliyafuata, nikafika kwa mwalimu wa shule ya msingi: Gichin Funakoshi.

Alizaliwa Shuri, kisiwani Okinawa, mwaka 1868, mtoto wa afya dhaifu. Alitamani udaktari, lakini shule ilikataa wenye nywele za kufungwa utosini kama wazee wa zamani, na familia yake haikukubali zikatwe. Baadaye alizikata hata hivyo ili apate kazi ya ualimu, na nyumbani wakakasirika sana. Usiku alikwenda kujifunza kwa Azato na Itosu. Kata tatu za Naihanchi, ambazo mtu husogea kando kando tu, zilimchukua miaka kama kumi.

Mwaka 1922 alitumwa Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko. Alikuwa amepita miaka 50. Aliishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akifagia uwanja mchana na kufundisha jioni, mkewe akiwa amebaki kisiwani.

Sasa majina. « Kara » iliandikwa kwa alama ya China. Yeye akashikilia alama nyingine inayosomwa vilevile lakini yenye maana ya « tupu ». Hakuwa wa kwanza kuiandika hivyo, ila ndiye aliyeieneza. Katika kitabu chake cha 1935, kata nazo zina majina ya Kijapani. Naihanchi imekuwa Tekki. Chinto imekuwa Gankaku, korongo juu ya mwamba. Kusanku imekuwa Kanku, kutazama anga. Na Kusanku ndilo jina linalokumbukwa la Mchina aliyefika Okinawa karne ya 18! Ni kama kumwita Kambale kwa neno zuri la Kifaransa: sauti itapendeza, lakini nani atajua tena kwamba ni mvulana wa pili kuzaliwa?

Namlaumu kwa hilo, ingawa naelewa shida yake. Japani ya miaka ile ilikuwa ikiishambulia China, na mtu wa kisiwani mwenye lafudhi yake, akifundisha kitu chenye jina la China, angefungiwa milango mingi. Alichagua karate iishi, asili yake ikae kimya. Mwenzake Kenwa Mabuni, mwanafunzi wa Itosu pia, alifanya kinyume huko Osaka: alikusanya kata nyingi, hata zile adimu, na nyingi akaziachia majina ya kale. Kwa mtu wa lugha, kazi ya Mabuni ni hazina kubwa zaidi.

Tena si kila ubatizo ulishika. Kwa Chinte alipendekeza Shoin, kwa Sochin akapendekeza Hakko, watu hawakuyatumia. Sisi tunalijua jambo hili: ziwa letu Edouard liliitwa Idi Amin mwaka 1973, na jina hilo halikudumu hata miaka kumi.

Vita vilichoma dojo yake mwaka 1945, na mwaka huohuo mwanawe Gigo akafariki. Mkewe alifuata mwaka 1947. Mzee aliendelea kufundisha mpaka alipokufa Tokyo, Aprili 1957. Kata ya Chinte bado inaitwa Chinte.