Abunuwasi wa Baghdadi na Mbuyu wa Diani

Mwezi uliopita nilikuwa Msambweni kwenye harusi. Nikahi ilikuwa imekwisha, dua imeombwa, halua imeliwa, na sisi wanaume tumetandikiwa mikeka chini ya mwembe tukingojea pilau, ambayo harufu yake ilitufikia mapema kuliko sinia zenyewe. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akawageukia vijana, akawauliza kama wanajua kwa nini mbuyu unaonekana kama mti uliopandwa mizizi juu. Hawakujua. Basi akawaeleza.

Alisema kwamba hapo zamani za kale Sultani wa Baghdadi alimtuma Abunuwasi pwani yetu na mche mmoja, pamoja na barua ya maelekezo. Abunuwasi akashuka kwa jahazi pale Diani, karibu na Msikiti wa Kongo, akachimba shimo, akafungua barua. Lakini barua yenyewe aliishika juu chini, na kama alivyoisoma ndivyo alivyoupanda mche. Punda wake, aliyekuwa na elimu kuliko bwana wake, alimkanya asisikilizwe. Mzee akatia na mwaka wa jambo hilo, kisha akaongeza kwamba punda huyo amezikwa Tiwi.

Nikangojea kicheko, kisitoke. Vijana waliitikia kwa vichwa, na mmoja wao akatoa simu yake akayaandika yote, pamoja na ule mwaka.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu uwongo ule ni wangu. Niliutunga mimi mwaka 1987, nikiwa kijana wa miaka 17, katika baraza moja huko huko Diani. Baada ya sala ya isha tulikuwa tukishindana kutoa habari zisizokuwako duniani, tukizisema kwa utulivu kama watu wanaosoma hati ya kadhi. Aliyetangulia kucheka ndiye aliyewalipia wenzake kahawa na kashata. Habari ya barua na mbuyu ilinipatia vikombe vitatu kwa usiku mmoja. Mwaka na kaburi la punda si vyangu. Hivyo viliokotwa njiani.

Kabla sijaeleza nilivyofanya, na tumtazame kwanza huyo aliyesingiziwa, maana wengi wetu twamjua kwa vituko tu, na wako wanaodhani hakupata kuzaliwa.

Naam, alizaliwa. Jina lake ni Al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwazi katika Uajemi, ambayo leo ni Iran. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya mwaka, lakini wengi huuweka karibu na 757. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya kule Sham, na mama yake alikuwa Mwajemi. Angali mdogo, mama yake alimchukua akahamia naye Basra, bandari ile ile ambayo wazee wetu waliijua kwa tende zilizoletwa na majahazi ya msimu. Lakabu ya Abu Nuwas, ambayo sisi tumeilainisha ikawa Abunuwasi, huelezwa kuwa ilitokana na mashungi mawili ya nywele yaliyokuwa yakining'inia hadi mabegani mwake.

Huko Basra alitumikia duka la muuza manukato, na huku akisoma. Alihifadhi Kurani, akajifunza Hadithi na sarufi. Mshairi mmoja wa Kufa, Waliba bin al-Hubab, alimwona ana kipawa akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Baadaye alisoma kwa bingwa wa mashairi ya Waarabu wa kale, Khalaf al-Ahmar, na akakaa muda na mabedui wa jangwani ili lugha yake itakate. Inasimuliwa kwamba alipomwomba Khalaf ruhusa ya kutunga, mwalimu alimwamuru ahifadhi maelfu ya beti za kale. Alipokwisha kuzihifadhi, akaamrishwa azisahau zote. Alipokwisha kuzisahau, ndipo aliporuhusiwa. Sisi tuliofunzwa utungaji na wazee twaijua maana ya amri hiyo, na twajua pia kwamba sehemu ya pili ndiyo ngumu.

Kutoka hapo alikwenda Baghdadi, mji ulioasisiwa mwaka 762, kwa hiyo yeye na mji walikuwa karibu umri mmoja. Harun al-Rashid alishika ukhalifa mwaka 786, na mawaziri wake wa ukoo wa Barmaki walikuwa wakiwatunza washairi. Barmaki walipoangushwa na Harun mwaka 803, Al-Hasan aliondoka akaenda Misri, akamsifu Al-Khasib aliyekuwa mkuu wa kodi huko, kisha akarejea. Harun alifariki mwaka 809, akatawala mwanawe Al-Amin, na huyu ndiye aliyekuwa mlezi wa kweli wa mshairi wetu. Kwa hiyo ule usuhuba wa kila siku na Harun, wa kuitwa barazani asubuhi na kufukuzwa jioni, sehemu kubwa ni hadithi. Hata Al-Amin, pamoja na kumpenda, alipata kumtia kifungoni.

Sitampaka mafuta. Mashairi yaliyompa jina kubwa kuliko yote ni ya kuusifu mvinyo, na mengine ni ya mambo ambayo mhariri wa ukurasa huu hatakubali niyataje, nami nisingependa wajukuu wangu wayasome. Lakini alitunga pia mashairi ya uwindaji, yenye mbwa na vipanga walioelezwa kwa jicho kali ajabu, na mwishoni mashairi ya zuhudi, ya mtu anayehesabu siku zake akiogopa hesabu. Katika nchi nyingi za Waislamu, hasa Indonesia na Malaysia, hadi leo husomwa utenzi wa toba anaosemekana kuutunga yeye, wa mja anayekiri kwamba hastahili Pepo na hana nguvu ya kuustahimili Moto. Wako wanaoshuku kama ni wake. Wanaousoma hawaulizi, hulia tu.

Baghdadi ilizingirwa na majeshi ya Al-Maamun, nduguye Al-Amin, na mwaka 813 Al-Amin akauawa. Mshairi alikufa wakati huo au muda mfupi baadaye, kati ya 813 na 815. Hata kifo chake kimetiwa chumvi: wako wasemao alifia kifungoni, wengine kilabuni, wengine katika nyumba ya ukoo wa Nawbakht. Alizikwa Baghdadi katika makaburi ya Shunizi. Husimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alimwota, akamwuliza Mola amemfanyia nini, naye akajibu kuwa amesamehewa kwa beti chache za toba alizoziacha chini ya mto wake. Rafiki akaenda, akainua mto, akazikuta.

Huyo ndiye mtu. Sasa tazama alivyofanywa baada ya kufa. Kila kituko kisichokuwa na mwenyewe kilipelekwa mlangoni kwake. Katika Alfu Lela u Lela utamkuta akitembea na Harun na waziri Jaafar. Kwetu tulimpata katika Hekaya za Abunuwasi zilizosomwa mashuleni, na kabla ya hapo kwenye mikeka ya mabibi zetu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia huku akichambua mchele, na hakupata kutuambia kwamba bwana huyu alikuwa mshairi, seuze mlevi. Pwani yetu ilimnyang'anya kikombe ikampa sufuria.

Na kisa cha sufuria ndicho nilichokikumbuka siku ile chini ya mwembe. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na nyingine ndogo ndani yake, akisema sufuria imezaa. Jirani akafurahi akazipokea zote mbili. Akaiazima tena, safari hii asiirudishe, akamwambia mwenyewe kwamba sufuria imekufa. Jirani akang'aka kwamba sufuria haifi. Lakini aliyekubali kwamba imezaa atakataaje kwamba imekufa? Waarabu humsimulia Juha kisa hicho hicho, na Waturuki humsimulia Nasreddin Hoja. Kila taifa limekitaka, nadhani kwa sababu kila taifa lina jirani wa namna hiyo.

Mimi ndimi jirani. Mwaka 1987 nilikubali sufuria izae, kwa sababu ilinizalia vikombe vitatu vya kahawa. Leo naona maiti yake mkononi mwa kijana mwenye simu, na sina pa kushitaki.

Basi tulipokwisha kula na kunawa, nilimsogelea mzee kwa heshima zote, nikamwambia kwamba ile habari ya mbuyu niliitunga mimi, barazani, kwa mchezo. Mzee alinitazama kwa huruma. Akaniuliza umri wangu. Nilipomwambia, akanijibu kuwa yeye aliisikia kwa wazee wake kabla mimi sijazaliwa, na kwamba huenda na mimi niliisikia utotoni nikasahau nilikoisikia. Nikamweleza kwamba Abunuwasi alikufa mamia ya miaka kabla ya Msikiti wa Kongo kujengwa, na kwamba hakuna panapojulikana kuwa alipata kukanyaga pwani hii. Akanijibu kwamba hakika hiyo ndiyo sababu mbuyu ni mkubwa namna ile.

Kwa kutaka kuuokoa ukweli, nikawapa vijana habari za hakika. Nikawaambia kwamba kando ya mto Hidekeli, mjini Baghdadi, iko barabara yenye jina la Abu Nuwas. Hiyo waliikubali. Kisha nikawaambia kwamba katika sayari ya Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko zote, liko shimo kubwa lililopewa jina lake na wataalamu wa nyota mwaka 1976. Hapo mzee akaangua kicheko, na vijana wakamfuata, mmoja akapaliwa na maji. Walinipigapiga mgongoni wakasema kweli mimi ni mtu wa Diani, na kwamba uwongo wangu unashinda wa mzee. Yule mwenye simu hakuliandika shimo.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ndipo nilipomkumbuka tena yule mwalimu, Khalaf al-Ahmar. Huyu alikuwa akitunga mashairi yeye mwenyewe na kuyasingizia Waarabu wa kale, na alikuwa hodari hata mabingwa wakashindwa kutofautisha. Inasimuliwa kwamba uzeeni alitubia, akashika ibada, akawaendea watu wa Kufa awaonyeshe yapi yalikuwa yake. Wao wakamjibu kwamba siku zile alipowapa mashairi hayo walimwamini zaidi kuliko sasa anapoyakana. Mashairi yakabaki vitabuni mwao. Na mwanafunzi wa mtu huyo ndiye aliyekuja kuzuliwa maisha mazima na watu wasiomjua.

Chuoni, tulipokuwa tukiandika kwenye mbao, mwalimu wetu alitufundisha kwamba Mtume (s.a.w.) amemwonya vikali mwenye kusema uwongo ili awachekeshe watu. Alitufundisha pia kwamba yeye Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba wake, ila katika mzaha wake hakusema ila kweli. Ujanani niliyaona maneno hayo kama ya kutunyima raha. Niliona kwamba barazani sote twajua ni mchezo, basi dhambi iko wapi? Sikujua kwamba baraza haina ukuta. Wale wanne tuliokuwa tukijua ni mchezo, wawili wamekwisha tangulia mbele ya haki, mmoja yuko Oman, na aliyebaki ndiye huyu anayekataliwa. Kicheko kilikufa na wenyewe, na uwongo ukabaki peke yake, umevaa kofia, unahudhuria harusi.

Wala aliyedhulumiwa si mbuyu. Ni Al-Hasan bin Hani. Mtu aliyeihifadhi Kurani, aliyezikusanya beti za mabedui kisha akazisahau ili apate zake, mimi nilimfanya asiyejua kushika barua. Alikuwa na makosa yake ya kutosha, na huenda aliyatubia, hakuhitaji nimwongezee. Naye yumo kaburini, hana wa kumtetea.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa jina langu, kwamba mibuyu ya Diani haikupandwa na Abunuwasi, hakukuwa na barua, na Tiwi hakuna kaburi la punda huyo. Kijana uliyekuwa Msambweni, kama gazeti hili limekufikia, tafadhali yafute. Shimo la Utaridi liandike, maana hilo ni kweli.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Hasan bin Hani, na atusamehe sisi tuliocheka.